Kazi na Afya: Mambo ya Karatu na Ngorongoro

Mgonjwa afikapo zahanatini huulizwa anaumwa wapi, tangu lini, na amekula nini. Mwaka 1700 tabibu mmoja wa Italia, jina lake Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, akawashauri matabibu wenzake waongeze swali moja: Je, wewe wafanya kazi gani? Mwenyewe aliamshwa na jambo hili siku alipomwona mtu akisafisha shimo la choo kwa haraka kupita kiasi. Alipomwuliza sababu ya haraka ile, yule mtu alijibu kwamba hewa ya shimoni huumiza macho mno, na kwamba wenzake wengi wameharibika macho kwa kazi hiyo. Tangu hapo Ramazzini akazunguka katika karakana na mashamba, akiandika kila kazi na ugonjwa wake.

Swali lile lafaa kuulizwa leo katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, kwa maana ni nadra kuona mahali ambapo kazi za namna nyingi hivi zimekaa karibu karibu. Toka Oldeani kwenye mibuni, ukateremka hadi Mang'ola kwenye vitunguu kando ya Ziwa Eyasi, kisha ukapanda hadi ukingo wa bonde la Ngorongoro kwenye hoteli za wageni, utakuwa umepita katika kazi ya kuchuma, ya kumwagilia, ya kuendesha gari, ya kupika, ya kulinda na ya kuchunga. Kila moja ina faida yake mwilini na hasara yake, na watu wa nyumba moja huweza kuwa wamegawanyika katika kazi nne.

Kwanza yafaa tujue jinsi ujira ulivyoingia katika nchi hii. Zamani Wairaqw walilima na kufuga, Wadatoga na Wamaasai walifuga, na Wahadzabe walipata riziki yao kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Hawa wote walifanya kazi, tena kazi ngumu, lakini hapakuwa na mtu wa kuwaambia jioni, Kesho usije. Baada ya mwaka 1925 walowezi wa Kijerumani waliporuhusiwa kurudi Tanganyika, baadhi yao walifungua mashamba ya kahawa Oldeani na Karatu. Mashamba hayo yalieneza kazi ya ujira. Mwaka 1959 Hifadhi ya Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na wafugaji wakaruhusiwa kuendelea kukaa humo. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 barabara ya lami kutoka Makuyuni ilifika kwenye lango la hifadhi, na mji wa Karatu, ambao hapo kwanza ulikuwa kituo cha vumbi tu, ukawa mji wa hoteli, gereji na maduka. Mashamba mengine ya kahawa yamejengewa nyumba za kulala wageni katikati ya mibuni.

Basi huenda msomaji akasema: Kazi ni kazi, aliye nayo ana afya kuliko asiye nayo. Neno hili lina kweli kubwa. Mshahara hununua unga, maharage, sabuni na chandarua, hulipa bima ya matibabu, na humweka mtoto shuleni. Lakini iko faida nyingine ambayo haionekani kwenye karatasi ya mshahara, nayo hufahamika vizuri zaidi pale kazi inapoondoka.

Katika nchi ya Austria, karibu na Vienna, kipo kijiji kiitwacho Marienthal. Karibu watu wote wa kijiji kile walitegemea kiwanda kimoja cha kusokota na kufuma nguo. Mwaka 1929 kiwanda kilianza kufungwa, na muda si muda nyumba nyingi hazikuwa na mtu hata mmoja mwenye kazi. Wataalamu watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda kuchunguza maisha ya watu wale, wakachapisha habari zao mwaka 1933. Mtu angedhani kwamba wasio na kazi, kwa kuwa wana saa nyingi, wangesoma na kutengeneza nyumba zao. Mambo yakawa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya kijiji vilipungua karibu nusu, ijapokuwa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Wachunguzi walisimama dirishani na kutazama watu wakipita njiani: wanaume walikwenda polepole na kusimama mara kwa mara pasipo sababu, wanawake walikwenda upesi zaidi, maana wao walikuwa bado na nyumba za kutunza, na siku yao ilikuwa bado na mwanzo na mwisho. Wanaume wale walipoulizwa wamefanya nini tangu asubuhi, wengi hawakuweza kueleza.

Twaona hapo kwamba kazi humpa mtu mpango wa siku, wenzake wa kuzungumza nao, na heshima mbele ya watoto wake. Vitu hivi vikiondoka, usingizi huharibika, ulevi huingia, ugomvi wa nyumbani huongezeka, na maradhi hupata mlango. Tena kijiji kizima hulegea pamoja, kwa sababu fundi cherehani na mwenye duka nao huishi kwa mshahara wa jirani zao.

Karatu ililiona jambo hili mwaka 2020. Tarehe 16 Machi mwaka ule mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Tanzania alitangazwa, naye alikuwa Arusha. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mwezi wa Aprili, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Lakini wageni hawakurudi siku ile ile, maana nchi zao wenyewe zilikuwa zimefunga milango. Mwaka 2019 wageni walioingia Tanzania walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867 tu. Hoteli zilifunga vyumba, madereva wa watalii waliegesha magari, wapishi na wafua nguo walirudishwa makwao, na mkulima aliyezoea kupeleka mboga hotelini alikuta lango limefungwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa jambo moja, na kukosa kazi lilikuwa jambo la pili. Wala hatuwezi kusema kwamba la pili lilikuwa jepesi. Hata hivyo halikuwalemea watu sawasawa. Dereva aliyekuwa na ekari mbili za mahindi na mbaazi na ng'ombe wa maziwa alirudi shambani kwake. Fedha zilipungua, lakini chakula kilikuwapo, na asubuhi alikuwa na jembe la kushika. Yule aliyeuza shamba ili anunue gari, au aliyepanga chumba mjini na kutegemea mshahara na bakshishi peke yake, alibaki kama watu wa Marienthal. Mwaka 2023 wageni walifika 1,808,205, wengi kuliko kabla ya Korona, na wengine wameanza kusahau. Sisi kwa maoni yetu twaona kwamba kijana wa Karatu aingiaye katika kazi ya utalii hafanyi vibaya hata kidogo. Ila shamba la baba yake asiliharakishe sokoni. Hata pasipo ugonjwa wa dunia nzima, kila mwaka miezi ya masika wageni hupungua, na vibarua wa hotelini huambiwa wapumzike bila malipo. Ujira wenye pengo la namna hii huwa na njaa yake ndani yake, na mama mwenye mtoto mchanga ndiye aionaye kwanza.

Sasa tuzungumze juu ya kazi ambayo ipo, ila yamla mtu polepole.

Teremka Mang'ola. Chemchemi za pale hutoa maji mwaka mzima katika nchi kavu, na kwa maji hayo hulimwa vitunguu ambavyo hufika masoko ya mbali. Kitunguu chapendwa na wadudu wadogo sana wakaao katikati ya majani, na kwa sababu hiyo mashamba hupuliziwa dawa mara kwa mara. Mwenye shamba hununua dawa, kibarua hubeba bomba mgongoni. Aghalabu kibarua hana buti, hana glavu, hana kitambaa cha mdomoni zaidi ya leso yake, na dawa iliyomwagika kwenye bomba hulowanisha shati mgongoni kutwa nzima.

Watu wengi hudhani kwamba sumu huingia kwa mdomo na pua tu, na ya kuwa asiyeisikia harufu yu salama. Sivyo. Dawa nyingi za kuua wadudu hupita katika ngozi, hasa ngozi iliyolowa jasho, tena upesi zaidi kwenye shingo, kwapani na kinenani. Ziko dawa za jamii ya oganofosfeti ambazo hushambulia njia ya fahamu za mwili. Mtu aliyeingiwa nazo hutoka jasho na mate mengi, machozi humtiririka, mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, hutapika, kifua humbana, na misuli hutetemeka yenyewe. Asipotibiwa huweza kufa. Na hata asipofikia hapo, kuumwa kichwa kila jioni ya siku ya kupulizia si uchovu wa kawaida kama wengi wasemavyo, wala si dalili ya kuwa mtu ni mvivu.

Mtu akipatwa na mambo hayo, atolewe shambani mara moja, avuliwe nguo zote zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha apelekwe hospitali pamoja na chupa ya dawa, ili mganga asome jina lake. Anayemsaidia naye ajihadhari asiguse nguo zile kwa mikono mitupu. Wengi hukimbilia kumnywesha maziwa. Maziwa hayaondoi sumu iliyokwisha kupita katika ngozi, na kumnywesha mtu aliyepoteza fahamu huweza kumpalia akafa kwa kukosa pumzi. Pia kunywa maziwa asubuhi kabla ya kupulizia hakumkingi mtu; kinachomkinga ni buti, glavu, nguo ndefu kavu, kuufuata upepo badala ya kuukabili, na kuoga kabla ya kuwashika watoto. Mavazi hayo ni gharama ya kazi, kama ilivyo dawa yenyewe, na yapasa yatoke katika mfuko wa mwenye shamba. Chupa tupu ni habari nyingine ya kusikitisha: huoshwa mferejini, zikatumika kuwekea mafuta ya kula au maji. Mfereji ule ule huenda kwa jirani wa chini. Basi kazi ya mtu mmoja yageuka kuwa afya ya kijiji kizima.

Wachumaji wa kahawa kule Oldeani hawana hatari kubwa namna hii, ila wao wana mzigo wa mgongo, baridi ya asubuhi, na malipo ya kuhesabiwa kwa ndoo, ambayo humfanya mama apite saa ya kumnyonyesha mtoto ili ajaze ndoo moja zaidi. Na dereva wa watalii, ambaye watu humwonea wivu kwa gari na miwani yake, hukaa kitini saa nyingi juu ya njia ya mawe na vumbi. Wengi wao huumwa kiuno, tena hulala mbali na nyumba zao wiki nyingi za msimu. Miji ya njiani kama Karatu, yenye wasafiri wengi na fedha za usiku, imekuwa tangu zamani mahali ambapo magonjwa ya zinaa na UKIMWI hupata nafasi. Si haki kumlaumu msichana wa mapokezi wala dereva. Tulaumu kazi ipangwayo bila kufikiri kwamba mfanyakazi ana nyumba.

Liko jambo moja ambalo halina vumbi wala sumu, nalo ni kukosa kauli katika kazi. Mwaka 1967 huko London wataalamu walianza kuwachunguza watumishi wa Serikali ya Uingereza, wanaume zaidi ya 17,000, waliofanya kazi ofisini. Hawa hawakubeba mabomba, wala hawakukosa chakula. Hata hivyo wale wa daraja la chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo mara nyingi zaidi kuliko wakubwa wao, na sigara na unene havikutosha kueleza tofauti yote. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mtu atumwaye siku nzima pasipo nafasi ya kuamua hata jambo dogo huumia moyo, na hapa twasema moyo wa nyama. Mwajiri mwenye busara aweza kupata faida kwa somo hili bila kutoa senti: awaulize watumishi wake ratiba yao iweje, awaambie mapema siku zao za mapumziko, wala asiwafokee mbele ya wageni.

Tukipita lango na kuingia Ngorongoro yenyewe, twakuta kazi ya namna nyingine. Ufugaji hauandikwi katika daftari la mishahara, lakini ni kazi, na ina maradhi yake. Kimeta huwapata wanyama wa mwituni na wa nyumbani katika hifadhi, na mtu achunaye mzoga au kula nyama ya mnyama aliyekufa ghafla huweza kuambukizwa. Maziwa yasiyochemshwa, na kushika kondo la ng'ombe aliyetupa mimba, huleta homa ya muda mrefu yenye maumivu ya viungo, ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Kisha upo ugonjwa wa nyumbu. Wakati nyumbu wanapozaa, tangu Januari hadi Machi hivi, ndama wao hueneza ugonjwa ambao hauwadhuru wao bali huua ng'ombe. Wamaasai walijua jambo hili kabla ya maabara yoyote, nao huondoa ng'ombe kwenye uwanda wa majani mafupi na kuwapeleka milimani, ambako kuna baridi na kupe. Hivyo miezi ambayo majani ni mazuri kuliko yote ndiyo miezi ya mchungaji kutembea mbali zaidi.

Mwaka 1975 kilimo kilikatazwa ndani ya hifadhi. Mwaka 1992 bustani ndogo ziliruhusiwa. Baadaye zikakatazwa tena. Kwa hiyo nafaka hupatikana kwa fedha, na fedha hupatikana kwa kuuza mnyama au kwa ujira. Watu waliokadiriwa kuwa 8,000 hivi mwaka 1959 walikuwa wamepita 90,000 kwa hesabu ya mwaka 2017, na mifugo haikuongezeka kwa kadiri hiyo. Ukame ukija, ng'ombe huuzwa akiwa amekonda kwa bei ndogo, wakati unga umepanda bei, na mtoto hukosa maziwa na ugali kwa pamoja. Tangu Juni 2022 baadhi ya jamaa wamehamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao Serikali inauita wa hiari, na ambao wafugaji wengine wameupinga. Ni mjadala mkubwa ambao hautoshi katika somo hili. Lakini aliyehama na aliyebaki wote wana swali moja: mikono ya vijana wetu itafanya kazi gani?

Vijana wengi wamekwisha kujibu kwa miguu yao, wamekwenda Arusha, Dar es Salaam na Unguja kuwa walinzi wa usiku. Mlinzi hulala mchana katika chumba chenye joto na kelele, mara nyingi wengi katika chumba kimoja, mahali ambapo kifua kikuu hupata nafasi nzuri. Usingizi wa mchana haumpi mwili pumziko kamili. Hutuma fedha nyumbani, nazo huokoa maisha, tusidharau. Lakini kule bomani kazi yake imeachwa kwa mama yake na kwa wadogo zake, na mtoto wa miaka tisa anayechunga mbuzi kutwa hawezi kuwa shuleni. Hiyo ni gharama ambayo hakuna anayeiandika.

Yafaa basi kila aajiriwaye ajue haki zilizomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa kuwa nyingi kati ya hizo ni kinga za afya. Saa za kawaida ni 45 kwa juma, zisizidi 9 kwa siku, katika siku zisizozidi 6. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Hata aajiriwaye kwa msimu anayo haki ya likizo hiyo. Na aliyeitwa mara kadhaa katika mwaka na mwajiri yule yule huipata ikiwa jumla ya muda wake imepita miezi 6. Maneno haya hayajulikani sana Oldeani wala katika hoteli za ukingoni. Mgonjwa anazo siku 126 katika kipindi cha miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Mama aliyejifungua anazo siku 84, au 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja, na akirudi kazini ana saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi. Tena uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao waajiri walianza kuuchangia mwaka 2015; mchango hutoka kwa mwajiri peke yake, wala haukatwi katika mshahara wa mtu, nao hutibu na kufidia aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi.

Mkataba uandikwe, na mfanyakazi abaki na nakala yake. Lakini asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa: ukitokea ubishi na mwajiri asiweze kuonyesha karatasi, sheria humpa mwajiri huyo mzigo wa kuthibitisha masharti yaliyokuwapo. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa aliyeachishwa kazi, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na kwa mambo mengine ndani ya siku 60. Siku hizo huhesabiwa hata kama mtu yumo kitandani, kwa hiyo aliyeachishwa kwa ajili ya ugonjwa amtume ndugu yake mapema akaulize.